Saksafoni ya klasiki: maana yake, na kwa nini inategemea watunzi walio hai

Mpiga saksafoni wa klasiki ni mwanamuziki anayepiga tungo zilizoandikwa noti kwa noti, tofauti na mwenzake wa jazi ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni kubuni papo hapo. Ala ni ile ile. Kinachobadilika ni kipande cha kupulizia, namna ya kubana midomo, na zaidi ya yote, muziki unaopigwa.

Na hapo kwenye muziki ndipo penye ugumu. Adolphe Sax, Mbelgiji, alipata hataza ya saksafoni mjini Paris mwaka 1846. Mozart alikuwa ameshafariki miaka 55 kabla, Beethoven miaka 19. Hawakuiandikia chochote. Okestra nazo zilikuwa zimekwisha kugawana viti, na hadi leo nyingi hazina mpiga saksafoni wa kudumu. Huitwa tu inapopigwa kazi kama Boléro ya Ravel. Hata Conservatoire ya Paris, chuo cha muziki alikofundisha Sax mwenyewe, ilikaa bila darasa la saksafoni kuanzia 1870 hadi 1942, alipoteuliwa mpiga saksafoni Marcel Mule kulifundisha.

Basi wapigaji wakalazimika kuwafuata watunzi. Elise Hall wa Boston alimlipa Debussy amwandikie utungo. Debussy akachelewa miaka na miaka, akafariki 1918 kabla ya kuukamilisha kwa okestra, na mtunzi mwenzake Roger-Ducasse ndiye aliyeumalizia. Sigurd Raschèr alipata konseto, yaani utungo wa ala moja ikisindikizwa na okestra, kutoka kwa Glazunov mwaka 1934. Jean-Marie Londeix akaandikiwa Sonata, utungo wa saksafoni na piano, na Edison Denisov mwaka 1970. Ninawaheshimu sana watu hawa, maana bila wao ala hii ingekuwa na cha kupiga kidogo mno.

Kwa hiyo tunaposema muziki wa kisasa katika fani hii, hatumaanishi nyimbo za redioni. Ni tungo mpya za ukumbi wa tamasha, na nyingi hudai sauti ambazo Sax hakuzifundisha. Chukua multifoniki: mpigaji hufunga vitufe kwa mpangilio usio wa kawaida, akarekebisha koo na midomo, na ala inayotoa sauti moja ikatoa mbili au tatu kwa pamoja. Chini ya noti mtunzi huchora vijiduara vya vitufe, vyeusi kwa vinavyofungwa, vyeupe kwa vinavyoachwa wazi. Lakini mpangilio uliotii kwenye saksafoni moja unaweza kugoma kwenye nyingine, au tete ikibadilishwa tu, yaani kile kijiti bapa kinachotetemeka mdomoni. Ndiyo maana mpigaji na mtunzi huketi pamoja wakijaribu: hii inatoka, hii haitoki, hii inatoka ikipigwa polepole. Mpigaji hapo ni kama fundi mwenza wa utungo.

Mapato ya kazi hii kwa kawaida hutoka sehemu kadhaa: kufundisha, kupiga katika kundi la saksafoni nne, mialiko ya okestra, na maonyesho ya kwanza ya tungo mpya. La mwisho ndilo lenye heshima, ingawa tungo nyingi hupigwa mara moja zikasahaulika. Mimi humpima mpigaji kwa zile ambazo wengine walizichukua baada yake. Sonata ya Denisov, iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mmoja, leo wanafunzi wa saksafoni huipeleka kwenye mitihani na mashindano.