Je, vimulimuli wameisha Nairobi?

Wengi tuliokulia Nairobi tunaamini vimulimuli wametoweka kabisa, maana hatuwaoni tena usiku. Lakini kutowaona si ushahidi tosha. Mdudu huyu huwaka ili kumwita mwenzi wake. Penye taa za barabarani na za uani, mwanga wake humezwa, na kukutana kunakuwa kugumu. Kwa hiyo kupungua kunawezekana, na kunaniuma. Mabuu wao huishi kwenye udongo wenye unyevu wakila konokono, hivyo ua uliosakafiwa kwa saruji hauwafai.

Ukitaka kuhakikisha, ngoja mvua za Machi hadi Mei. Zima taa za nje, subiri dakika 20 macho yazoee giza, kisha tazama penye nyasi ndefu. Rudia siku kadhaa, andika tarehe na idadi, mwakani ulinganishe.