Picha ya gauni si patani

Juzi mdogo wangu mmoja kanitumia ujumbe: "Dada, naomba patani ya hili gauni, nataka kujishonea mwenyewe." Chini yake kaweka picha. Mwanamke kasimama upande, mkono kiunoni, gauni limembana mpaka magotini kisha likafunguka. Nikamjibu kwamba sina patani yake. Akashangaa: "Si hiyo hapo nimekutumia? Wewe niambie tu ninunue kitambaa mita ngapi."

Ningecheka kama ingekuwa mara ya kwanza. Lakini kila wiki nakutana na mtu anayeiita picha ya nguo patani, na mwingine anayeyaita maua ya kitambaa patani, na mwingine anayejisifu kwamba fundi wake "hatumii patani." Wote watatu wanakosea, kila mmoja kwa namna yake, na huyo wa tatu ndiye anayenikera zaidi.

Maana yenyewe ni fupi. Patani ni umbo la kila kipande cha nguo kabla hakijashonwa, kikiwa bapa, kwa ukubwa wake halisi, limechorwa kwenye karatasi ili ulaze juu ya kitambaa, ubane kwa pini, ukate. Sketi rahisi ina vipande viwili au vitatu. Koti lenye bitana linaweza kupita ishirini. Patani za kununua huja zimekunjwa ndani ya bahasha pamoja na maelekezo, au huja kama faili unayoichapa kwenye karatasi za A4 na kuziunganisha kwa gundi. (Ukichapa, pima kwanza ule mraba mdogo wa majaribio kwa rula. Printa ikipunguza hata asilimia tano, gauni zima limepungua, na utakuja kulijua hilo siku ya kuvaa.)

Sasa nije kwenye maneno, maana hapo ndipo vurugu ilipo.

Patani tumelitoa kwa Waingereza, nao walilitoa kwa Wafaransa, ambao husema patron. Wafaransa walilipata kwenye Kilatini: patronus, bwana mlezi, mtu mkubwa ambaye wadogo wanajiegemeza kwake, na ndani yake mna pater, yaani baba. Zamani hata Waingereza walikuwa na neno hilo moja tu kwa mlezi na kwa kielelezo. Matamshi na tahajia vilikuja kuachana baadaye, mpaka yakawa maneno mawili. Wafaransa hawakujisumbua. Mpaka leo patron kwao ni bosi wa kazini na ni karatasi ya kukatia nguo. Mimi hilo linanifurahisha kila ninapoinama sakafuni na mkasi. Karatasi ndiyo bosi, kitambaa kinafuata. Maana ya maua yanayojirudia kwenye kitambaa ilikuja nyuma, kwa sababu ua moja huchorwa kisha mengine yote hufuatisha lile. Kwa hiyo anayesema "patani ya kitambaa" akimaanisha maua simlaumu sana, kosa hilo lina ukoo. Ila kwa Kiswahili tayari tunasema maua, nakshi au chapa, na ukiingia kwenye ushonaji ukasema patani, kila mtu atafikiri karatasi.

Na neno letu wenyewe tulikuwa nalo: kigezo. Limejengwa juu ya kitenzi kugeza, kufuatisha kitu au kukilinganisha na kingine. Lingetufaa sana. Bahati mbaya limehamia maofisini na kwenye matangazo, likafunga ndoa na masharti, na siku hizi ukisema "nimenunua kigezo cha blauzi" mtu anasubiri umwambie na masharti yake.

Kisha kuna mshono, na hili ndilo linalomezwa na patani. Mshono, kwa maana yake ya kwanza, ni pale vipande viwili vilipoungana kwa uzi. Ndiyo maana hata kidonda kina mshono. Baadaye tukalipanua likabeba mtindo wa nguo nzima: mshono mpya, mishono ya harusi, huu mshono umekupendeza. Sina ugomvi na upanuzi huo. Lugha hufanya hivyo, inachukua sehemu inaita kizima. Mdogo wangu alichonitumia kilikuwa mshono. Mshono unaonekana kwa macho, nguo ikiwa imevaliwa na mwili umo ndani. Patani iko kabla ya yote hayo, na haifanani na nguo hata kidogo.

Chukua mkono wa blauzi, ule wa kawaida kabisa. Kwenye picha ni bomba. Kwenye patani ni kama kengele pana, na kile kilima cha juu hakiko sawa pande zote mbili: upande wa nyuma umejaa kidogo, wa mbele umechimbika, kwa sababu mikono yetu hujongea mbele. Pembeni kuna vialama vidogo vya pembetatu. Kimoja maana yake mbele, viwili pamoja maana yake nyuma, na vinatakiwa vikutane na wenzao kwenye tundu la bega. Halafu upime. Mzunguko wa kilima unazidi mzunguko wa tundu linalokipokea, mara nyingi kwa sentimita mbili na nusu hadi nne. Waliochora patani hawajakosea. Ziada hiyo unaila polepole kwa sindano, bila kuacha marinda, na ndiyo inayolipa bega umbo la duara. Nionyeshe picha gani inayokuambia hayo.

Picha haikuambii pia kama kitambaa kinavutika. Haikuambii zipu iko wapi, wala mwenye gauni amebaki na nafasi kiasi gani ya kukaa chini. Mwenye nyonga za sentimita 100 akikata sketi ya sentimita 100 kwa kitambaa kisichovutika, atasimama vizuri sana, na hatakaa. Patani nzuri imeshaongeza nafasi ya kupumua, na juu yake ikaongeza ile ya mtindo. Ndiyo maana kwenye bahasha nyingi utakuta vipimo vya mwili, na penginepo vipimo vya nguo iliyokamilika. Anayeisoma orodha ya pili akidhani ni ya mwili huchagua saizi ndogo mno, akajikuta amebanwa bila nafasi ya kupumua.

Tofauti hii ya picha na patani ina historia. Mwaka 1580 Mhispania Juan de Alcega alichapisha Madrid kitabu cha ukataji wa nguo, chenye michoro inayoonyesha namna ya kupanga vipande juu ya kitambaa bila kupoteza. Ilikuwa michoro midogo ya kitabuni. Fundi aliyeijua kazi aliielewa. Asiyeijua asingetoka na joho. Baadaye zilikuja patani za karatasi za ukubwa halisi, lakini zilikuwa za saizi moja, na kuikuza au kuipunguza ilikuwa juu yako. Mwaka 1863 huko Massachusetts, Marekani, mshonaji Ebenezer Butterick na mkewe Ellen wakaanza kuuza patani za karatasi zilizokwisha kupangwa kwa saizi. Mtu wa kawaida nyumbani angeweza sasa kununua ile inayomkaribia. Miaka mingi karatasi hizo hazikuwa na maandishi, zilikuwa na matundu tu, na ulitakiwa ujue tundu kubwa linasema nini na dogo linasema nini. McCall, kampuni nyingine ya patani ya Marekani, wakaja kuchapa mistari na maneno juu ya karatasi yenyewe katika miaka ya 1920.

Wajerumani wakaja na uchoyo wao wa karatasi. Jarida la Aenne Burda, lililoanza mwaka 1950, lilizoesha watu kuona patani za nguo nyingi zimerundikwa kwenye karatasi moja, mistari imepandana kama ramani ya njia za reli. Unaufuata mstari wako kwa kidole, unaunakili kwenye karatasi nyingine. Na angalia: patani za jarida hilo kwa desturi hazina nafasi ya mshono, yaani ule ukingo wa ziada nje ya mstari wa kushonea, unaiongeza mwenyewe, ilhali bahasha za Kimarekani huwa nayo tayari, karibu sentimita moja na nusu. Ukizoea za bahasha ukarukia jarida bila kusoma, umepoteza sentimita tatu kila palipo na mshono, moja na nusu kwa kila kipande. Gauni lenye mishono minne ya wima limepungua sentimita kumi na mbili.

Saizi nazo nizipitie haraka, maana watu hulia hapa bila sababu. Namba ya bahasha haihusiani na namba ya nguo ya dukani. Saizi 12 ya makampuni makubwa ya Marekani ni kifua inchi 34, kiuno 26½, nyonga 36. Mwenye kuvaa 12 ya dukani mara nyingi huhitaji 16 au zaidi ya bahasha. Na bahasha ya zamani ni habari nyingine tena: kabla saizi hazijapangwa upya mwishoni mwa miaka ya 1960, 12 ilikuwa kifua inchi 32. Sahau namba, pima mwili. Kama una matiti makubwa, chagua blauzi kwa kipimo cha juu ya kifua, pale chini ya kwapa, kisha upanue kipande cha mbele. Ukichagua kwa kipimo kikubwa, mabega yatakuanguka.

Turudi kwa yule wa tatu. "Fundi wangu hatumii patani, anakata tu." Hapana, mpenzi. Anayo. Angalia mikono yake wiki ijayo ukimpelekea kitambaa: anakikunja, anaweka alama ya bega kwa chaki, anashuka kipimo cha kifua, anachora tundu la mkono kwa mzunguko mmoja usiotetereka, anaongeza nafasi ya mshono kwa upana wa kidole. Hiyo aliyoichora ndiyo patani, imekaa moja kwa moja juu ya kitambaa, na inapotea mkasi unapopita. Ameibeba kichwani kwa sababu ameichora mara elfu. Ukimwambia mwanafunzi wa cherehani kwamba mafundi wa kweli hawatumii patani, umemwambia aanzie mahali ambapo yule alifika baada ya miaka. Hata aliyefumua gauni lake la zamani na kulaza vipande vyake juu ya kitambaa kipya ana patani mkononi, tena nzuri, maana imeshajaribiwa na mwili wake.

Wapo pia wanaosema kushona kwa patani ya kununua ni kunakili, si kubuni. Sijui wanaongelea karatasi gani. Patani ile ile moja, ukiikata kwa hariri inateremka. Ukiikata kwa kitambaa kigumu cha pamba inasimama kama hema. Rangi, urefu, kola, vifungo, bitana, vyote ni vyako. Kitu ambacho si chako ni mshale.

Mshale ule mrefu katikati ya kila kipande. Unatakiwa ulale sambamba na ukingo wa kitambaa usiofumuka, yaani ufuate nyuzi za mtande. Suruali yangu ya kwanza nilikata mguu mmoja umeinama kidogo, ili nibane kitambaa kibaki cha mfuko. Ilikaa vizuri mpaka ilipofuliwa. Tangu hapo mshono wa pembeni ulijizungusha polepole ukaja kukaa juu ya ugoko, mguu huo mmoja tu, na nikawa kila nikitembea naurudisha kwa mkono. Kuna nguo zinazokatwa mshazari kwa makusudi, na hizo huanguka vizuri ajabu, lakini mshale wake umechorwa hivyo, na mchoraji alijua anachofanya.

Mdogo wangu nilimjibu hivi, kwa utaratibu. Hicho ulichonitumia ni mshono, na ni mzuri. Patani yake tuitafute kwa kusoma mishono, kwa ile maana ya zamani. Kuza picha. Unaona mistari miwili inayoshuka kutoka mabegani, ikapita juu ya kifua, ikafika mpaka kwenye pindo? Kiunoni hakuna mshono. Mbele hakuna zipu, basi bila shaka iko mgongoni au ubavuni. Sasa tafuta patani yenye mistari hiyo hiyo, hata kama gauni la kwenye bahasha ni la rangi unayoichukia na lina mikono mifupi. Kuhusu mita, jibu liko nyuma ya bahasha, kwenye jedwali, na linategemea kitambaa kina upana wa sentimita 115 au 150. Kabla ya hapo nahitaji kifua, kiuno na nyonga.

"Kwa hiyo niseme natafuta patani ya mshono huu," akaandika.

Ndiyo hasa.

Baada ya nusu saa ikaingia picha nyingine. Utepe wa kupimia umezunguka nyonga, juu ya jinzi nene, simu mfukoni. Nikamwomba avue jinzi, apime upya, na safari hii aniandikie namba.