Mbwa Amening'ata, Nifanye Nini? Maswali na Majibu Kuhusu Kichaa cha Mbwa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Kinachouma zaidi ni kwamba karibu wote wangeweza kupona. Kati ya siku ya kung'atwa na siku dalili zinapoanza huwa kuna muda, kwa kawaida miezi miwili au mitatu, na tiba ya kuzuia ugonjwa ipo. Majibu haya ni ya namna ya kuutumia muda huo.

Mbwa amemng'ata mwanangu mguuni sasa hivi. Nianzie wapi?

Anza na maji na sabuni, kabla hata ya kuita bodaboda. Osha kidonda kwa dakika 15 kamili, ukiangalia saa, kwa sababu wengi huosha dakika moja wakaridhika. Kama hakuna bomba, mmoja amshike mtoto mguu juu ya beseni, mwingine amimine maji ya dumu kidogo kidogo huku akipaka sabuni ya mche na kuhakikisha povu linaingia ndani ya matundu ya meno. Mtoto atalia. Mbembeleze, lakini usiache. Sabuni huvunja kirusi, na maji yanayotiririka hukitoa kabla hakijaifikia mishipa ya fahamu. Ukimaliza paka spiriti au iodini kama ipo, uache kidonda wazi. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Pilipili, chumvi, majani, mafuta ya taa na jiwe jeusi viacheni kabisa. Havizuii ugonjwa, vinachokoa kidonda, na baya zaidi vinampa mzazi utulivu wa uongo mpaka siku zinapita.

Ni mkwaruzo tu, na mbwa mwenyewe ni mtoto wa mbwa wa jirani. Kuna haja ya hospitali?

Ipo. Watoto wa mbwa nao huambukizwa, na ndio watoto wetu hucheza nao kutwa nzima. Mnyama akikulamba mahali ngozi ni nzima, kuosha kunatosha. Akikukwaruza au kukubana kwa meno bila damu kutoka, unahitaji chanjo. Damu ikitoka, au mate yakiingia kwenye kidonda, jichoni au mdomoni, unahitaji chanjo pamoja na kinga ya haraka iitwayo imunoglobulini.

Paka, bweha, fisi, nguchiro na punda pia wanaweza kuambukiza. Na tafadhali waambieni watoto kwamba hawatachapwa wakisema wameng'atwa. Mtoto aliyekuwa akimchokoza mbwa huficha kidonda kwa kuogopa fimbo, na kule kuficha ndiko kunakoua.

Bado wanachoma zile sindano nyingi za tumboni?

Hapana. Zile zilikuwa chanjo za zamani zilizotengenezwa kwa ubongo wa wanyama. Siku hizi sindano huchomwa kwenye bega, na kwa mtoto mdogo pajani. Kwa njia ya ndani ya ngozi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliifupisha mwaka 2018, unachomwa sehemu mbili siku ya kwanza, siku ya tatu baada yake na siku ya saba. Kwa njia ya msuli dozi huwa nne, ya mwisho kati ya siku ya 14 na ya 28. Fuata tarehe zilizoandikwa kwenye kadi yako, maana utaratibu hutofautiana kati ya hospitali na hospitali.

Imunoglobulini huchomwa ndani na kuzunguka kidonda chenyewe. Inauma, sitakuficha, lakini ndiyo inayolinda katika siku za mwanzo wakati mwili bado unajenga kinga yake kutokana na chanjo. Muulize pia mhudumu kuhusu sindano ya pepopunda.

Jambo moja la msaada: zahanati nyingi hazina chanjo hii, na sehemu nyingi mgonjwa huilipia. Piga simu hospitali ya wilaya uulize kama ipo kabla ya kutumia nauli. Kama mmeng'atwa wengi na mbwa mmoja, nendeni pamoja siku moja, kwa sababu kwa njia ya ndani ya ngozi kichupa kimoja huhudumia zaidi ya mtu mmoja.

Nina mimba. Chanjo haitamdhuru mtoto?

Haitamdhuru. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mchanga wote huchanjwa.

Nimeng'atwa wiki tatu zilizopita na sijafanya lolote. Nimeshachelewa?

Maadamu huna dalili, hujachelewa. Nenda leo. Ukisikia muwasho au ganzi pale ulipong'atwa, pamoja na homa, usisubiri hata saa moja. Baadaye koo hukaza mgonjwa anapoona maji, upepo humshtua, huchanganyikiwa. Familia nyingi hapo hudhani ni mapepo au karogwa na kumpeleka kwa mganga. Ikifika hatua hiyo hakuna tiba ya kuponya, na karibu kila mgonjwa hufa.

Wanakijiji wamemuua yule mbwa. Walifanya vizuri?

Inaeleweka, ila ingefaa zaidi afungiwe na kuangaliwa siku kumi, na afisa mifugo aarifiwe. Mbwa aliyekuwa na kirusi kwenye mate siku aliyokung'ata hufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, daktari anaweza kusimamisha sindano. Lakini anza chanjo mara moja. Siku kumi ni za kumchunguza mbwa, wewe hupaswi kuzingoja. Akifa au akiuawa, msimguse kwa mikono mitupu. Afisa mifugo ndiye atakayepeleka sampuli maabara.

Ng'ombe aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa amekufa. Tumeshakunywa maziwa yake.

Kama yalichemshwa, tulieni, moto huua kirusi. Aliyekuwa akimtia mkono mdomoni kwa kudhani amekabwa, na aliyemchuna, hao waende hospitali. Nyama ifukiwe.

Na mbwa wangu nimchanje lini?

Kila mwaka, hata akiwa bado mdogo. Asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Pemba walifanya hivyo: ugonjwa ukatoweka mwaka 2014, ukaingia tena mwaka 2016, wakachanja upya na ukaondoka. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na maeneo mengi huchanja bure karibu na tarehe hiyo. Ulizia ofisi ya mifugo ya kata yako, umpeleke na paka, na cheti utakachopewa ukiweke pamoja na kadi za kliniki za watoto.