Zege la majivu linataka maji na muda

Wiki iliyopita fundi mmoja alinipigia simu akiwa saiti. "Injinia, saruji ya siku hizi imechakachuliwa. Slabu ina siku 7, nikikwaruza kwa msumari inaacha alama." Nikamwomba anisomee maandishi ya kwenye mfuko. CEM IV/B-P 32.5 N.

Mfuko ulikuwa umeshamjibu. CEM IV ni saruji ya pozolana, yaani iliyochanganywa na majivu au unga wa mawe unaosaidia kushika zege. B maana yake pozolana ni asilimia 36 hadi 55, na P ni ile ya asili, kama majivu ya volkano. Ingekuwa V, ni majivu ya makaa ya mawe kutoka mitambo ya umeme. S ni slagi, taka ya tanuri za chuma. 32.5 ni daraja la nguvu yake ya siku ya 28. N inasema nguvu za siku za mwanzo ni za kawaida, si za haraka.

Saruji ikikutana na maji hutoa gundi inayoshika mchanga na kokoto, na pembeni hutoa chokaa isiyo na nguvu ya maana. Ule weupe unaojitokeza kwenye zege jipya chanzo chake ni chokaa hiyo. Silika iliyomo kwenye majivu huikamata na kuigeuza gundi nyingine. Lakini chokaa lazima itangulie kutoka, ndipo majivu yapate cha kufanyia kazi. Kwa hiyo siku ya 7 zege hilo liko nyuma, siku ya 28 limesogea, na likitunzwa vizuri, ikifika siku ya 90 linaweza kulikaribia zege la saruji tupu, au hata kulipita. Vitundu vyake pia vimeziba zaidi, na kwa sisi wa Pwani hilo ni jambo kubwa: chumvi ya bahari inachelewa kuifikia nondo.

Faida nyingine iko kiwandani. Klinka, yaani yale mabonge yanayosagwa kuwa saruji, huchomwa kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na jiwe la chokaa lenyewe, hata tukiacha moshi wa kuni au makaa, hutoa kilo 44 za hewa ukaa kwa kila kilo 100. Kila kilo ya klinka inayopisha majivu ni hewa ukaa iliyookolewa.

Mimi nahangaika zaidi na majivu ya makapi ya miwa. Viwanda vya sukari kama Kilombero na TPC kule Moshi huchoma makapi kupata mvuke na umeme. Ukiyachota majivu yake kiganjani ni mepesi, mara nyingi meusi, na utakuta nyuzi za muwa ambazo hazikuungua. Weusi huo ni kaboni, nayo hunywa maji ya mchanganyiko. Maabara tunayapima, tunayachoma tena tanurini, tunayapima upya: uzito uliopungua ndio unaotuambia kaboni ilikuwa kiasi gani. Kiwango cha Marekani cha ASTM C618 kinaruhusu pozolana za asili kupoteza asilimia 10 tu ya uzito. Yakipita hapo, nayarudisha. Yakifaa, husagwa laini kama saruji, na hapo naona kuyaweka badala ya asilimia 10 hadi 20 ya saruji inatosha.

Lakini tafadhali, usichukue mfuko wa CEM IV ukaongeza majivu mengine kwenye karai. Mwenye kiwanda ameshapunguza klinka; wewe ukipunguza tena, nyumba ya watu itakuwa hatarini. Majivu ya kuongeza mwenyewe yanataka saruji ya CEM I, ile saruji tupu, na vipande vya zege vya majaribio vivunjwe kwanza kupima nguvu.

Fundi wangu nilimwambia asifungue hata mrunda mmoja. Ametandaza magunia juu ya slabu, na kijana anayamwagia maji asubuhi, mchana na jioni. Siku ya 28 nitakwenda na nyundo ya kupimia ugumu wa zege, tuipige slabu pamoja.