Uundaji upya wa fuwele katika alumini, na jinsi unavyokadiriwa kihesabu

Fundi wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, akiligonga bamba la alumini kutengeneza sufuria, hufika mahali bamba linakaza na kuanza kupasuka ukingoni. Dawa yake ni moto. Ila alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, kwa hiyo jicho haliwezi kuipima. Mbinu ya zamani ni kupaka sabuni ya kipande juu ya bamba: sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea, bamba litolewe motoni.

Alumini ni fuwele ndogo ndogo zilizoshikana. Nyundo huvuruga mpangilio wa atomu ndani yake, na ingawa kazi nyingi ya nyundo hutoka kama joto, asilimia chache hubaki humo kama nishati. Aloi nyingi za mabamba (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) zikifika nyuzi 300 hadi 400 hivi, viini vya fuwele zisizo na vurugu huzuka, vikakua na kuzimeza fuwele za zamani. Bamba hulainika. Huo ndio uundaji upya wa fuwele.

Kukadiria kasi ya uundaji huo, wengi huanza na mlinganyo uliotokana na kazi za Kolmogorov (1937), Johnson na Mehl (1939) na Avrami (1939 hadi 1941):

X = 1 − exp(−ktⁿ)

X ni sehemu ya bamba iliyokwisha kuundwa upya baada ya muda t, na exp ni namba e (2.718 hivi) ikipandishwa kwa kipeo kilicho mabanoni. Namba k hupanda kwa kasi joto likiongezeka. Namba n hutegemea viini vinavyozuka na kukua vipi.

Ni mlinganyo mzuri sana, lakini alumini huusumbua. Unachukulia kwamba viini vimetawanyika kila mahali bila mpangilio na msukumo wa kuvikuza, yaani nishati iliyoachwa na nyundo, haupungui. Kumbe katika alumini atomu huanza kujipanga kidogo kidogo hata kabla ya fuwele mpya kuzuka, na huko kujipanga kunakula nishati ile ile. Ndiyo maana n inayopimwa mara nyingi huwa chini ya 3 au 4 za nadharia. Aloi nazo zina chembe ngeni: zinazozidi mikromita moja hivi husaidia viini kuzuka, zilizo ndogo sana, kama za zirkoni, huzuia mipaka ya fuwele isisogee.

Kiasi cha kugongwa nacho lazima kiingie kwenye hesabu. Sehemu iliyoguswa kidogo tu na nyundo hupata viini vichache, kwa hiyo fuwele zake huwa kubwa, na bamba likikunjwa tena uso wake hutoka vijinundu kama ganda la chungwa. Modeli inayolichukulia bamba zima kuwa limegongwa sawasawa haitaviona vijinundu hivyo.