Kabla ya safari ya India

Ndugu wa mgonjwa wa ini wakiingia kliniki, mara nyingi swali la kwanza ni la India: kupandikiza ini ni shilingi ngapi, na nani atajitolea? Wana haki ya kuuliza. Ila mgonjwa mwenyewe yupo pale kwenye kiti anasinzia, hajui leo ni siku gani, na hilo hakuna aliyelitaja.

Namwambia anyooshe mikono na kuinua viganja, kama anayesimamisha daladala. Vikiwa vinaanguka na kuinuka, vinaanguka na kuinuka, najua sumu ambazo ini lilipaswa kuziondoa, amonia ikiwemo, zimeshafika kwenye ubongo. Dawa yake ni laktulozi, maji matamu ya chupa, na kipimo chake hufuata choo: kiwe laini, mara mbili au tatu kwa siku. Hapo ndipo mambo huharibikia nyumbani. Mama anaona mzee anakwenda msalani mara kwa mara, anasema dawa inamharisha, anaifungia kabatini. Siku chache tu, mzee analetwa hajitambui.

Chakula nacho. Wengi wameshakatazwa nyama, mayai na maharage. Ushauri huo umepitwa na wakati, na mimi huufuta siku ileile. Ini likisinyaa misuli huisha, na misuli ndiyo inayosaidia kupunguza amonia. Ale protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na ale kidogo kabla ya kulala. Cha kupunguza ni chumvi, hasa tumbo likijaa maji. (Mizizi ya kuchemsha ya jirani ibaki kwa jirani.) Aliyekonda sana hupata shida kuhimili upasuaji, hata pesa ikipatikana.

Mtoaji aliye hai mara nyingi hukatwa upande wa kulia, takriban asilimia 60 ya ini lake. Linalobaki hukua tena ndani ya miezi. Wengine hukataliwa kwa sababu ini lao lina mafuta.

Kama chanzo ni homa ya ini B, tenofovir, dawa ya kudhibiti virusi vyake, ianze sasa, isingoje harambee. Wapo ambao ini hupata nafuu kwa dawa hiyo mpaka upandikizaji ukaahirishwa. Na ndugu wote wapimwe virusi hivyo: mwenye navyo afuatiliwe, asiye na kinga achanjwe.