Dhana potofu kuhusu "used to" na mazoea katika Kiingereza

Mwanafunzi wa Ngamiani, Tanga, anayetaka kueleza kwamba huenda Soko la Mgandini kila Jumamosi huandika bila wasiwasi, "I use to go to Mgandini every Saturday", akiamini kwamba "used to" ikiondolewa herufi "d" hugeuka kuwa wakati uliopo. Dhana hii imeenea mno, nayo haina msingi. Muundo huo ni wa wakati uliopita tu. Mazoea ya sasa huelezwa kwa wakati uliopo sahili, "I go to Mgandini every Saturday", hata pasipo kielezi kama "usually". Herufi hiyo hudondoka katika kukanusha na kuuliza, kwa kuwa "did" imekwisha kubeba wakati: "She didn't use to sell fish".

Kosa jingine, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu zaidi kuling'oa, linatokana na kiambishi chetu cha wakati, -na-. Tukisema "Baba anafanya kazi bandarini", yawezekana yuko kazini saa hii au ndiyo ajira yake ya miaka yote, na wengi hudhani Kiingereza nacho kinaruhusu hivyo. Hakiruhusu. "My father is working at the port" humfanya msikilizaji afikiri kwamba yuko kazini saa hii au kazi hiyo ni ya muda, ilhali ajira ya kudumu ni "My father works at the port". Isipokuwa "always" ikiingia kati, kama katika "He is always borrowing my bicycle", sentensi huwa ya mazoea, mara nyingi yenye lawama ndani yake (na Tanga, kwa wingi wa baiskeli zake, lawama hiyo haikosi wenyewe).

Wapo pia wanaoshikilia kwamba "would" na "used to" hubadilishana popote. Kwa vitendo vilivyokuwa vikirudiwa ni sawa, mradi kipindi kinachozungumziwa kieleweke: "When the sisal lorries passed, we would run after them". Kwa hali, sivyo. Aliyekuwa akiishi Chumbageni husema "I used to live in Chumbageni", na akisema "I would live" ataonekana anaweka sharti. Akitaja na idadi ya miaka, aiache miundo yote miwili aseme "I lived there for six years".

Ama "I am used to waking up early", hiyo haihusu yaliyopita hata kidogo: msemaji amezoea kuamka mapema, na kitenzi kinachofuata huchukua -ing.